Ramani ya mji ni amana: Tusingoje alama ya X ukutani

SIFA zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola Mlezi wa viumbe vyote, aliyeitandaza ardhi na kuijaalia kuwa makazi ya wanadamu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake, masahaba zake na wote wanaofuata uongofu wao hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, leo nakusudia kulizungumzia jambo ambalo ni nadra kulisikia likitajwa juu ya mimbari, nalo ni utaratibu wa kisheria wa kuandaa na kuhuisha ramani za matumizi ya ardhi katika miji yetu. Huenda ukajiuliza: Sheikh na michoro ya mipangomiji wapi na wapi? Swali hilo hilo nilijiuliza mimi miaka kadhaa iliyopita, na jawabu nililojipa wakati ule ndilo linalonifanya niandike leo.

Kamati ya msikiti tunaosali, nami nikiwa mmoja wa wajumbe wake, ilipokea barua ya kutualika katika mkutano wa mtaa. Ajenda ilikuwa kuijadili rasimu ya mchoro mpya wa eneo letu. Siku ile tulikuwa katika pilikapilika za maandalizi ya Maulidi. Mzee mmoja, ambaye ni katika wakazi wa mwanzo wa mtaa ule, aliniuliza, "Sheikh, barua hii tuifanyie nini?" Nikamjibu, "Hayo, mzee wangu, ni mambo ya wapima ardhi. Wakimaliza watatuambia." Barua ikaingia katika droo, na hapana aliyekwenda.

Mchoro ulipobandikwa, tuliyoyaona yalitushtua. Msikiti ulikuwa umeandikwa kuwa ni nyumba ya makazi. Kipande cha ardhi ambacho wazee walikitenga kwa makaburi kilikuwa kimegawanywa viwanja vitatu. Tulihangaika kwa muda wa karibu miaka miwili, ofisi hii hadi ile, mpaka makosa yakarekebishwa. Lakini kona moja ya makaburi ilikwishakugawiwa mtu, naye kwa nia njema akawa amekwishakuchimba msingi. Katika kona ile alizikwa bibi yake yule mzee aliyeniuliza habari za barua. Hakunilaumu hata kwa neno moja, na mpaka leo napata taabu kumtazama usoni.

Nasema haya bila ya kumlaumu aliyechora. Alipita mahali pale akakuta majani marefu yaliyofunika mashahidi ya makaburi. Aliyejua kuwa pale pana maiti hakuwepo mkutanoni. Hilo ndilo somo la kwanza, nalo nimelinunua kwa bei kubwa: asiyekuwepo wakati ramani inachorwa, yumkini asiwemo ndani ya ramani hiyo.

Ramani ni sheria

Wengi wetu hudhani kuwa ramani ya mji ni picha tu ya mambo yalivyo. Sivyo. Ramani ya matumizi ya ardhi ikishaidhinishwa huwa ni amri. Husema hapa watu wataishi, hapa patafanywa biashara, hapa ni kiwanda, hapa ni shule, hapa ni nyumba ya ibada, hapa ni makaburi, na hapa pabaki wazi ili watoto wapate pa kucheza na maji ya mvua yapate pa kupita. Kwa mujibu wa sheria zetu, mtu haruhusiwi kuendeleza ardhi katika eneo la mipangomiji bila ya kibali, na kibali hakitolewi kinyume cha mchoro. Hata hati ya kiwanja chako imeandikwa ndani yake matumizi uliyoruhusiwa. Mwenye hati ya makazi akifungua gereji amevunja sharti la umiliki wake, na vivyo hivyo anayeigeuza nyumba ya makazi kuwa msikiti au madrasa bila ya kubadili matumizi, hata nia yake ikiwa njema kiasi gani.

Historia ya jiji la Dar es Salaam inatosha kuwa ushahidi wa nguvu ya ramani. Mwaka 1891, wakati wa Wajerumani, ilitolewa amri ya ujenzi iliyoainisha ni nyumba za namna gani zijengwe katika sehemu gani ya mji, na upande wa pwani ukawekewa masharti ya nyumba za Kizungu. Waingereza wakaendeleza mgawanyo huo. Mpango mkuu wa mwaka 1949 ulizungumzia maeneo ya msongamano mdogo, wa kati na mkubwa, lakini kila mtu alielewa kuwa maneno hayo yalikuwa na maana ya Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Uwanja wa Mnazi Mmoja, ambao leo tunauona kama sehemu ya kawaida ya jiji, ulikuwa ndio utengano baina ya Uhindini na Kariakoo. Babu zetu hawakushauriwa walipochorewa mipaka hiyo, bali waliambiwa tu mahali pa kukaa.

Baada ya Uhuru ulifuata mpango wa mwaka 1968, kisha ule wa mwaka 1979 uliotazamiwa kutumika kwa miaka 20. Tuzingatie hapa. Sensa ya mwaka 1978 ililikuta jiji lina watu wapatao 840,000. Mpango ule ulipofika ukomo wake, mpango uliofuata haukuwa umeandaliwa. Jiji liliendelea kukua chini ya ramani iliyozeeka, hadi sensa ya mwaka 2012 ikahesabu watu 4,364,541, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 5,383,728. Mpango kabambe mpya ulioandaliwa unahusu miaka ya 2016 hadi 2036. Baina ya hapo kizazi kizima kilizaliwa, kikaoa na kujenga pasipo ramani iliyokwenda na wakati. Tunastaajabu vipi basi kuona mitaa isiyo na njia ya kupitisha jeneza, licha ya gari la zimamoto?

Madhara ya pande zote mbili tumeyashuhudia. Bonde la Msimbazi lilikwishatajwa katika mpango wa mwaka 1979 kuwa ni ardhi ya hatari, isiyofaa kwa makazi. Hata hivyo watu walijenga, na mamlaka zikanyamaza kwa miaka mingi, mpaka mafuriko ya Desemba 2011 yalipopoteza roho za watu, na bomoabomoa iliyoanza Desemba 2015 ikawaacha wengi bila ya paa. Mwaka 2017, nyumba nyingi kandokando ya Barabara ya Morogoro, kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, zilivunjwa kwa hoja ya hifadhi ya barabara ya mita 121.5 kila upande. Wapo waliokuwa wameishi hapo miaka mingi, wakilipia umeme na maji, wasijue kuwa mstari wa ramani umepita katikati ya sebule zao.

Na Kigamboni ilikuwa kinyume chake. Huko ramani ilitangulia mno mbele ya watu. Mwaka 2008 ilitangazwa kuwa utajengwa mji mpya, na wananchi wakazuiwa kuendeleza maeneo yao. Miaka ikapita, mtu hawezi kujenga, hawezi kukarabati, wala hajui atalipwa nini na lini. Hatimaye mji ule haukujengwa kama ulivyochorwa, lakini umri wa watu ulikwishapita. Kumfungia mtu riziki yake kwa mchoro usiotekelezwa nayo ni dhulma, ijapokuwa imefanywa kwa karatasi nadhifu.

Sheria inasemaje?

Sheria ya Mipango Miji, Namba 8 ya mwaka 2007, iliifuta sheria ya kikoloni iliyokuwa ikitumika tangu mwaka 1956. Chini ya sheria hiyo kila halmashauri ya jiji, manispaa au mji ndiyo mamlaka ya upangaji katika eneo lake. Kwa Dar es Salaam zipo halmashauri tano: Jiji lenyewe, ambalo tangu mwaka 2021 limeshika mahali pa iliyokuwa Manispaa ya Ilala, pamoja na Kinondoni, Temeke, Ubungo na Kigamboni.

Zipo ngazi mbili za mpango, na ni muhimu kuzitofautisha. Ya kwanza ni mpango wa jumla, ambao watu wameuzoea kwa jina la mpango kabambe. Huu hutoa mwelekeo wa mji mzima: wapi mji utanuke, barabara kuu zipite wapi, viwanda viwe upande gani. Ya pili ni mpango wa kina, yaani mchoro wa mtaa kwa mtaa, unaoonesha kila kiwanja na matumizi yake. Baada ya mchoro huo kuidhinishwa ndipo upimaji hufuata na mawe ya mipaka kuwekwa, kisha ndipo hati hutolewa. Kwa hiyo, anayesubiri mpimaji afike ndipo adai makaburi yake, amechelewa hatua nzima.

Halmashauri haiamki asubuhi ikachora. Hupasa kwanza ipitishe azimio la kusudio lake, iwakutanishe wadau, wakiwemo wamiliki wa ardhi, taasisi za umma na za binafsi na vikundi vya wananchi, kisha iandae rasimu na kuitangaza ili watu waione na kutoa maoni au pingamizi. Baada ya hapo rasimu hupanda ngazi hadi wizara inayohusika na ardhi kwa ajili ya idhini. Kuurekebisha mpango ulioidhinishwa nako kuna utaratibu wake, wala haufutwi kwa kalamu ya mtu mmoja.

Jambo linalokaribia zaidi milango ya nyumba zetu ni mabadiliko ya matumizi ya kiwanja kimoja. Jirani anataka kuigeuza nyumba yake iwe nyumba ya wageni, baa, kituo cha mafuta au jengo la ghorofa. Anaomba, na tangazo hutolewa ili wenye pingamizi wajitokeze. Ombi hujadiliwa na kamati ya halmashauri inayoshughulikia mipangomiji, na uamuzi hupelekwa juu. Ukilisoma tangazo lile na kuandika pingamizi lenye hoja, sauti yako imeingia katika jalada. Ukilipita kila siku ukienda Swala ya Alfajiri bila ya kulisoma, kisha ukaja kupiga kelele baa ilipofunguliwa, utaambiwa, "Muda ulitolewa." Na kusema kweli, waliokwambia hivyo watakuwa hawakukosea.

Tumetoka wapi katika jambo hili?

Wako wanaodhani kuwa kupanga miji ni jambo lililoletwa na Wazungu. Wanahistoria wetu, akiwemo Imam Tabari, wamesimulia jinsi mji wa Kufa ulivyopangwa katika ukhalifa wa Sayyidna Umar (R.A.), mnamo mwaka wa 17 Hijria. Barabara kuu ziliamriwa kuwa na upana wa dhiraa 40, zinazofuatia dhiraa 30, kisha 20, na vichochoro visipungue dhiraa saba. Wanazuoni wa fiqhi nao wameandika kwa kirefu juu ya maeneo ya hifadhi ya visima na njia, malisho ya umma, na haki ya jirani ya kutodhuriwa kwa moshi, harufu au dirisha linalochungulia uani kwake.

Na mfano ulio mkubwa kuliko yote ni wa Mtume (S.A.W.) mwenyewe alipofika Madina. Ardhi alipotaka kujenga msikiti ilikuwa mali ya mayatima wawili, Sahl na Suhail. Walitaka kuitoa bila ya malipo, naye akakataa mpaka wakalipwa thamani yake. Msikiti wake haukusimama juu ya ardhi yenye utata.

Ndugu zangu, mfano huo unatuhukumu sisi wenyewe kabla ya kuihukumu Serikali. Ipo misikiti tuliyoijenga ndani ya hifadhi ya barabara tukijua. Ipo madrasa iliyomega uwanja wa watoto, tukasema kuwa neno la Mwenyezi Mungu litatulinda na tingatinga. Wanazuoni wamejadiliana juu ya kusihi kwa swala katika ardhi iliyoporwa, lakini hawakukhitilafiana kuwa uporaji wenyewe ni haramu. Eneo la wazi ni mali ya wote, Muislamu na asiyekuwa Muislamu, na anayelichukua, hata akiwa amevaa kanzu, amechukua haki ya umma.

Hoja za wanaokata tamaa

Husemwa kwamba mipango ni kazi ya wataalamu, raia wa kawaida ataongeza nini? Jawabu ni kuwa mtaalamu anajua upana wa barabara, lakini wewe ndiye unayejua maji hupita wapi wakati wa masika, watoto huvuka wapi kwenda chuoni, na marehemu wamelazwa wapi. Elimu hizi mbili zikikosa kukutana, mchoro huwa mzuri juu ya meza na mbaya juu ya ardhi.

Husemwa pia kuwa hata tukienda hawatatusikiliza, kwani uamuzi hukwishakufanywa. Siwezi kukataa kwamba vipo vikao vya kutimiza wajibu tu, ambapo watu hutiwa saini mahudhurio na maoni yao yakaishia hapo. Lakini pingamizi lililoandikwa, likapokewa na kugongwa muhuri, ni ushahidi. Ndilo litakalokusaidia mbele ya diwani, mbele ya wizara, na ikibidi mbele ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya au Mahakama Kuu. Malalamiko ya barazani hayana muhuri.

Na kwa upande wa mamlaka, tunayo haki ya kudai. Tangazo lililobandikwa ndani ya ukumbi wa ofisi, kwa lugha ya kitaalamu, juu ya ramani isiyo na jina hata la mti mmoja watu wanaoujua, halijamfikia mwananchi. Rasimu zipelekwe katika ofisi za kata na za mitaa, ziandikwe kwa Kiswahili, zioneshe misikiti, makanisa, shule na visima kwa majina yake, na mikutano ifanyike saa ambazo akina mama na wafanyakazi wanaweza kuhudhuria. Eneo la wazi lisibadilishwe matumizi kabla ya wakazi wanaolizunguka kusikilizwa mmoja mmoja. Na pale ardhi ya mtu inapotwaliwa kwa manufaa ya umma, Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 imekwishasema kuwa fidia iwe kamili, ya haki na ilipwe kwa wakati. Mamlaka inayozuia watu kujenga ijifunge yenyewe kwa muda maalumu, ukipita bila ya utekelezaji, watu waachiwe ardhi yao.

Tufanye nini?

Kwanza, kila familia itoe hati, leseni ya makazi au karatasi ya mauziano iliyomo sandukuni, isome matumizi yaliyoandikwa, kisha iende halmashauri kuuliza mchoro wa eneo unasemaje. Katika aya ndefu kuliko zote ya Qur'an tumeamrishwa kuandika madeni na kuweka mashahidi. Ikiwa deni la fedha chache linastahiki uangalifu huo, vipi nyumba watakayorithi mayatima?

Pili, kabla ya kununua kiwanja, usitosheke na maneno ya dalali. Uliza kama kimo katika mchoro ulioidhinishwa, na kama mchoro huo unarekebishwa.

Tatu, kamati za misikiti zihakikishe kuwa ardhi ya msikiti, madrasa na makaburi imo katika majina ya wadhamini waliosajiliwa, si ya mtu binafsi ambaye warithi wake watakuja kugombana, na kwamba matumizi yake yameandikwa kama yalivyo. Makaburi yafyekwe, yawekewe mipaka na yachukuliwe vipimo. Majani marefu yalitugharimu sisi, yasikugharimuni ninyi.

Nne, kila kamati iteue mtu wake, kijana wa kiume au wa kike aliyesoma, ambaye kazi yake ni kuhudhuria mikutano ya mtaa na kusoma matangazo ya mabadiliko ya matumizi, kisha kuwaeleza jamaa baada ya Swala ya Ijumaa. Dakika tano zinatosha.

Ndugu msomaji, ninapoipita ile kona ya makaburi yetu huwaombea dua waliolala chini ya nyumba ile, na humwombea pia mwenye nyumba, kwani hana kosa. Kisha huikumbuka barua iliyokaa ndani ya droo. Haikuwa na zaidi ya mistari sita. Siku mtaa wako utakapopokea barua kama hiyo, nakuombeni kwa jina la undugu wetu, muisome, muende, na mseme mnachokijua.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaotekeleza amana, na atuepushe na kudhulumu na kudhulumiwa. Amin.

Wabillahi Tawfiq.